Gary Hocking: Bingwa Aliyeshuka Pikipiki Akiwa Kileleni

Katika ukurasa huu wa watu mashuhuri tumezoea kukutana na viongozi, washairi na wanariadha wa miguu. Mara hii naomba tumpe nafasi mtu wa pikipiki. Najua baadhi ya walimu wetu watakunja uso, na wana haki, maana hapa kwetu Embulbul pikipiki imewatia watu wengi kilio. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zimejaa kila steji, kutoka Ngong mpaka Kitengela. Siku za Jumapili nazo yale mapikipiki makubwa kutoka Nairobi hupita yakinguruma kuelekea milimani, na vijana wote shingo huwageuka. Wengine wetu tunajua kwamba kule upande wa Athi River kuna uwanja wa mbio uitwao Whistling Morans, na tunaota siku moja kufika. Basi kwa kuwa ndoto hiyo tunayo, si vibaya tukimjua mtu aliyeiishi mpaka mwisho wake, na alipofika juu kabisa akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

Mtu huyo ni Gary Hocking. Alizaliwa tarehe 30 Septemba 1937 huko Caerleon, Wales, akapelekwa na wazazi wake Rhodesia ya Kusini angali mdogo. Rhodesia ya Kusini ndiyo Zimbabwe ya sasa. Familia ilitua Bulawayo, mji wa pili kwa ukubwa nchini humo, ambao barabara zake ni pana ajabu. Wanasema zilipimwa hivyo ili mkokoteni wa kukokotwa na maksai wengi uweze kugeuka bila kurudi nyuma. Barabara pana, jua kali, na magari machache: kwa kijana mwenye pikipiki hiyo ilikuwa kama kumwonyesha mbuzi shamba la mahindi.

Hapa sharti niseme jambo moja kabla hatujaenda mbali. Mji huo haukuwa wa watu wote. Ardhi ya Rhodesia ya Kusini ilikuwa imegawanywa kwa rangi tangu sheria ya mwaka 1930. Mtoto wa Kizungu alisoma shule yake, na mtoto Mwafrika alikaa mtaa wa Makokoba na kuhesabiwa kama mgeni katika nchi ya babu zake. Joshua Nkomo, ambaye baadaye alikuja kuwa kiongozi mkubwa wa ukombozi, alikuwa mfanyakazi wa shirika la reli katika mji huohuo wa Bulawayo. Kijana Mwafrika wa rika la Hocking akibahatika sana alipata baiskeli. Kwa hiyo tunapomsifu huyu bwana, tukumbuke kwamba wapo wengine wenye mikono na macho kama yake ambao hawakupewa hata nafasi ya kushika usukani. Hali ilikuwa hivyo hivyo hapa kwetu. Miaka ya 1950 walowezi walikuwa wakikimbiza magari pale Langa Langa karibu na Nakuru, na Mwafrika alikuwa pembeni akitazama vumbi.

Hocking alianza kwa kushindana katika viwanja vya nyasi na vya udongo, kisha akahamia lami. Uwanja wa nyasi ni mwalimu mkali. Gurudumu la nyuma linateleza kila mara, na mwendeshaji hujifunza kuisikia pikipiki kwa makalio kabla ya kuiona kwa macho, mnisamehe kwa lugha hiyo. Ukiizoea hali hiyo, lami inakuwa kama zulia. Halafu Rhodesia ilikuwa tayari na mfano wa kuigwa. Ray Amm, mzaliwa wa Salisbury, ambayo leo ni Harare, alikuwa ameshinda mbio kubwa za Senior TT katika Kisiwa cha Man mwaka 1953 na tena 1954 akiendesha Norton. Mwaka 1955 Amm alijiunga na kiwanda cha MV Agusta cha Italia, na katika mashindano yake ya kwanza na kiwanda hicho, mjini Imola, akaanguka na kufa. Hocking alikuwa na miaka 17 wakati huo. Vijana wa Bulawayo walijua habari yote, ushindi na mauti, na bado walitaka kwenda.

Mwaka 1958 Hocking akafunga safari ya Ulaya. Msidhani alikwenda kama mfalme. Waendeshaji wasio na kiwanda nyuma yao walikuwa wakiishi maisha ya kuhamahama. Mtu alinunua gari la mizigo, akaweka pikipiki mbili nyuma, spana, mapipa ya petroli, kitanda na jiko, akawa anatoka mji huu wiki hii na mji ule wiki ijayo. Leo Uholanzi, keshokutwa Ubelgiji, Jumapili nyingine Ujerumani. Aliyeandaa mashindano alimlipa mwendeshaji kiasi fulani cha pesa kwa kufika na kuanza tu, na pesa hizo ndizo zilizonunua mafuta ya kufika mji unaofuata. Usiku walikuwa wakifungua injini kwa mwanga wa taa kando ya barabara. Asubuhi walivaa mavazi ya ngozi yaliyokuwa bado na unyevu wa mvua ya jana. Jamaa hawa walikuwa wakipigana vikali uwanjani, na jioni wanaazimana sukari na vipuri. Wengi wao walikuwa wametoka mbali: Australia, New Zealand, Afrika Kusini, Rhodesia. Urafiki wa namna hiyo haufi kirahisi, na tutaona baadaye ulivyomgharimu Hocking.

Mwaka wake wa kwanza tu huko ughaibuni alifanya maajabu. Katika mashindano ya Ujerumani kwenye uwanja wa Nürburgring, darasa la cc 500, alimaliza wa tatu akiwa na Norton yake. Waliomtangulia walikuwa John Surtees na John Hartle, wote wawili juu ya pikipiki za MV Agusta zenye silinda nne. Norton ilikuwa na silinda moja. Yaani kwa hesabu za kawaida hakupaswa kuwa karibu nao hata kidogo. Kwenye barabara iliyonyooka silinda nne zinakuacha na moshi, kwa hiyo mwenye silinda moja lazima apate riziki yake kwenye kona. Anachelewa kushika breki, analala na pikipiki mpaka goti linakaribia kugusa lami, kisha anafungua mafuta mapema kuliko mwenzake. Uwanja wa Nürburgring una kona nyingi kuliko matumbo ya ng'ombe, na hapo ndipo kijana wa Bulawayo alipoonekana.

Mwaka 1959 kiwanda cha MZ cha Ujerumani Mashariki kikamwazima pikipiki ya cc 250. Injini za MZ zilikuwa za aina ile inayochanganya mafuta na oili, kama tunazozisikia kwenye misumeno ya kukata miti, zenye sauti kali ya kutoboa masikio. Zilikuwa na nguvu kupita umri wao, lakini zilikuwa na tabia ya kukwama ghafla. Juu ya chombo hicho kisichoaminika Hocking akashinda mashindano ya Uswidi, kisha ya Ulster huko Ireland ya Kaskazini. Pale Italia, bwana mmoja aliyekuwa akifuatilia matokeo kwa makini akaona afadhali mtu huyu awe upande wake kuliko upande wa adui. Huyo alikuwa Kaunti Domenico Agusta.

Inafaa tumjue tajiri huyu kidogo. Familia ya Agusta ilikuwa ya kutengeneza ndege. Vita vilipokwisha walikatazwa kuunda ndege kwa muda, wakaanza pikipiki katika kijiji cha Verghera karibu na Milano, na ndiyo maana ya herufi ya V katika jina la MV. Baadaye walirudi kwenye anga na kutengeneza helikopta, na faida ya helikopta ikalipia mapenzi ya pikipiki. Kaunti hakuwa mtu wa mchezo. Waendeshaji waliweza kungoja nje ya ofisi yake kwa saa nyingi kabla ya kuitwa. Lakini pikipiki zake nyekundu na za rangi ya fedha zilikuwa moto wa kuotea mbali. Mwaka 1960 Hocking alishinda mbio za cc 250 katika Kisiwa cha Man, na mwisho wa msimu akawa wa pili duniani katika madarasa matatu: cc 125, cc 250 na cc 350. Wawili waliomzuia walikuwa wa timu yake mwenyewe, Carlo Ubbiali na Surtees. Mwisho wa mwaka huo wote wawili wakaacha mbio za pikipiki, Ubbiali akapumzika na Surtees akahamia magari. Mlango ukabaki wazi.

Mwaka 1961 Hocking akaupita mlango huo. Kiwanda kilikuwa kimetangaza kujiondoa rasmi mashindanoni, kwa hiyo pikipiki zake ziliandikwa neno lenye maana ya mtu binafsi, ingawa kila mtu alijua zimetoka wapi. Alishinda mashindano 7 ya cc 500 na 4 ya cc 350, akawa bingwa wa dunia mara mbili kwa mwaka mmoja. Alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 24. Wapo waliosema ubingwa huo ulikuwa rahisi kwa sababu hakuwa na mpinzani mwenye chombo kama chake. Mimi naona maneno hayo ni ya kweli nusu. Chombo kizuri kinasaidia, ila hakimzuii mtu kuanguka, na mwaka huo walianguka wengi.

Tena mpinzani alikuwa njiani. Mike Hailwood, Mwingereza, mtoto wa tajiri muuza pikipiki, alikuwa na miaka 21 tu na alikuwa ameshashinda mbio tatu za Kisiwa cha Man katika wiki moja ya Juni 1961. Moja kati ya hizo ilikuwa Senior TT yenyewe, ambayo Hocking aliianza kwa kasi lakini pikipiki yake ikamwangusha. Septemba ya mwaka huo Kaunti Agusta akampa Hailwood pikipiki ya MV kwa mashindano ya Monza, na Hailwood akashinda mbio za cc 500 palepale. Bingwa akajikuta ana simba mwingine katika zizi lake. Fahali wawili hawakai zizi moja, wahenga walinena, lakini Kaunti aliwataka wote wawili.

Sasa tumefika mwaka 1962, na hapa ndipo nataka tutue mzigo kidogo. Msimu wa pikipiki kubwa ulikuwa unaanzia Kisiwa cha Man mwezi wa Juni. Kisiwa hicho kiko katikati ya Uingereza na Ireland, na mbio zake zilianza mwaka 1907. Si uwanja. Ni barabara za kawaida za wananchi, zinazofungwa kwa muda, kupitia mijini, vijijini, kando ya kuta za mawe na nguzo za simu, kisha kupanda mlima Snaefell penye ukungu na kushuka tena mjini Douglas. Mzunguko mmoja ni kilomita 60.7. Ili mwenzangu uelewe, panda matatu ya 111 hapa Embulbul uende Nairobi mjini, urudi, kisha uende tena. Huo ndio takriban mzunguko mmoja. Wewe na mimi, kwa jamu ya Karen na Dagoretti Corner, tutahitaji nusu ya siku. Hocking alikuwa akiumaliza kwa dakika zisizozidi 22. Na mbio kamili zilikuwa mizunguko 6.

Waendeshaji hawaanzi pamoja. Enzi hizo waliachiliwa wawili wawili kila baada ya sekunde 10, kwa hiyo adui yako mkubwa huenda humwoni kabisa. Unashindana na saa. Unaonyeshwa ubao wenye namba kando ya barabara, unajua uko mbele kwa sekunde tatu au nyuma kwa nne, basi. Ni vita ya peke yako na akili yako, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa, na ukuta wa mawe ukipita karibu na bega.

Jumatano tarehe 6 Juni zikawa mbio za Junior, za cc 350. Hocking na Hailwood walikuwa na MV zinazofanana kama mapacha. Kwa mizunguko yote sita walikabana koo, na baada ya kilomita zaidi ya 360 Hailwood alishinda kwa tofauti isiyofika sekunde 6. Kumbukeni hilo: kilomita 360, sekunde 6. Ilikuwa moja ya mbio nzuri kuliko zote zilizowahi kushuhudiwa kisiwani humo. Lakini walipofika mwisho hakukuwa na furaha.

Tom Phillis hakurudi. Phillis alikuwa Mwaustralia, bingwa wa dunia wa cc 125 wa mwaka 1961, na ndiye aliyeipatia Honda ushindi wake wa kwanza katika mashindano ya ubingwa wa dunia, huko Uhispania mwaka huohuo. Siku hiyo Honda walimpa pikipiki ya cc 285 ili apambane na zile za cc 350. Alijitahidi. Baada ya mzunguko wa kwanza alikuwa wa tatu, nyuma ya MV mbili. Katika mzunguko wa pili, mahali paitwapo Laurel Bank, alianguka, na huo ukawa mwisho wake. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Huyu Phillis alikuwa rafiki wa Hocking, tena si rafiki wa salamu tu. Walikuwa katika kundi lile la watu waliotoka ng'ambo ya bahari wakaishi pamoja kwenye magari ya mizigo, wakala sahani moja. Hocking alijua vilevile kwamba Phillis aliuawa akiwafukuza yeye na Hailwood. Aliyoyawaza usiku ule hatuyajui, wala sitajitia kuyajua. Tunajua alichofanya.

Ijumaa ilikuwa Senior, mbio kubwa kuliko zote, za cc 500. Hocking akapanda pikipiki. Mtu angetarajia aende taratibu, ama asiende kabisa. Badala yake aliweka mwendo ambao haujawahi kuonekana katika kisiwa kile, akavunja rekodi ya mzunguko. Pikipiki ya Hailwood ilipata hitilafu ikabaki nyuma sana. Hocking akashinda kwa umbali mkubwa, akifuatwa na Ellis Boyce na Fred Stevens waliokuwa na Norton. Wastani wake kwa mizunguko yote sita ulizidi maili 100 kwa saa, kasi ambayo miaka mitano tu nyuma hakuna mtu aliyekuwa ameifikia hata kwa mzunguko mmoja. Bob McIntyre wa Scotland ndiye aliyeivunja kwanza, mwaka 1957. McIntyre naye, jamani, alikufa Agosti mwaka uleule wa 1962 baada ya kuanguka katika mbio za Oulton Park.

Halafu Hocking akatangaza kwamba ameacha. Hangeendesha pikipiki ya mashindano tena. Alikuwa bingwa wa dunia wa madarasa mawili, alikuwa ametoka kushinda mbio kubwa kuliko zote, alikuwa na pikipiki bora ulimwenguni na mkataba na Kaunti. Umri wake ulikuwa miaka 24. Kiwanda kikamwachilia, akarudi Rhodesia.

Katika kikao kimoja cha chama chetu tulibishana juu ya jambo hili mpaka kengele ikalia. Kuna waliosema aliogopa. Mimi sikubali. Mtu mwoga angeacha Alhamisi. Huyu alingoja, akapanda, akaonyesha kwamba angeweza kuendelea kushinda kadiri alivyotaka, kisha ndipo akaweka helmeti chini. Aliyeshindwa akiacha, watu husema sizitaki mbichi hizi. Yeye zilikuwa mbivu, ziko mkononi. Wengine wakasema, kama kifo cha rafiki kilimuuma hivyo, mbona akashindana tena baada ya siku mbili? Swali hilo ni zuri na sina jibu lake kamili. Labda alikuwa na ahadi kwa kiwanda. Labda ndiyo njia pekee aliyoijua ya kumlilia mwenzake. Kila mtu ana matanga yake.

Tena tukumbuke kwamba enzi hizo kuacha kwa sababu ya hatari halikuwa jambo la kawaida. Waendeshaji walizikana, wakavua kofia kwa dakika moja, wakaenda kwenye mashindano yanayofuata. Ni baadaye sana, mwaka 1972, baada ya Mwitalia Gilberto Parlotti kufa katika mbio za kisiwa hicho, ndipo bingwa Giacomo Agostini alipogoma kurudi huko, na wengine wakamfuata. Baada ya msimu wa 1976 mbio za Kisiwa cha Man zikaondolewa kwenye ubingwa wa dunia. Kisiwa kinaendelea na mbio zake hadi leo, na waliokufa kwenye barabara ile tangu mwanzo, mazoezini na mashindanoni, wamepita 260. Hocking alikuwa ametoka miaka kumi kabla ya mgomo huo, peke yake, bila kelele.

Laiti hadithi ingeishia hapo, angekuwa mzee mwenye gereji Bulawayo, akiwasimulia wajukuu. Lakini damu ya mbio haikukauka. Hocking aliona magari yana usalama zaidi kuliko pikipiki. Leo tukiangalia nyuma tunashangaa, maana magari ya mbio ya wakati ule yalikuwa kama mtungi wa petroli wenye magurudumu, na dereva hakufungwa hata mkanda. Ila kwa mtu aliyeona wenzake wakirushwa kutoka kwenye pikipiki, kukaa ndani ya kitu chenye vyuma pande zote kulionekana kama kujistiri. Na mfano ulikuwepo. Surtees, aliyekuwa MV kabla yake, alikuwa anafanya vizuri na magari.

Kipaji hakikumtupa. Rob Walker, Mwingereza aliyekuwa na timu yake binafsi na macho makali ya kutambua dereva, akampa gari aina ya Lotus kwa mashindano ya Afrika Kusini mwishoni mwa mwaka. Katikati ya Desemba Hocking alishiriki mbio za Rand kwenye uwanja wa Kyalami, karibu na Johannesburg, pamoja na madereva bora wa dunia, Jim Clark na Surtees mwenyewe wakiwemo. Hakuaibika. Watu wakaanza kunong'ona kwamba Rhodesia imepata mtu wa kutajwa katika magari pia.

Wiki iliyofuata msafara ukahamia Durban, kwa mashindano ya Natal kwenye uwanja wa Westmead. Ijumaa tarehe 21 Desemba 1962, siku ya mazoezi, gari la Hocking liliacha barabara na kupinduka. Alifariki siku hiyohiyo. Alikuwa na umri wa miaka 25, na Krismasi ilikuwa imebaki siku nne. Tangu Phillis aanguke pale Laurel Bank ilikuwa imepita miezi sita na nusu.

Kesho yake mbio za Natal zikafanyika kama zilivyopangwa, na Trevor Taylor akashinda. Tarehe 29 Desemba, mjini East London huko huko Afrika Kusini, yakafanyika mashindano ya mwisho ya ubingwa wa dunia wa magari wa mwaka 1962, na Graham Hill akautwaa. Surtees aliendelea, na mwaka 1964 akawa bingwa wa dunia wa magari. Mpaka leo ndiye mtu pekee aliyepata ubingwa wa juu kabisa wa pikipiki na wa magari. Njia hiyo hiyo ndiyo Hocking aliyokuwa ameanza kuifuata.

Na Hailwood? Alirithi pikipiki na kiti, akawa bingwa wa cc 500 mwaka 1962, 1963, 1964 na 1965 mfululizo. Wengi wanamhesabu kuwa mwendeshaji bora kuliko wote waliowahi kuishi. Aliponea viwanja vyote vya hatari duniani. Machi 1981 akafa katika ajali ya kawaida barabarani Uingereza, lori lilipokata mbele ya gari lake alipokuwa ametoka na watoto wake kununua chakula cha jioni. Binti yake alikufa pamoja naye.

Jim Redman, mwendeshaji mwingine kutoka Rhodesia aliyekuwa akiendeshea Honda pamoja na Phillis, hakuacha mbio baada ya Juni ile. Mwisho wa mwaka 1962 alikuwa bingwa wa dunia wa cc 250 na cc 350. Ubingwa huo wa cc 350 ndio ambao Hocking alikuwa ameushikilia mwaka uliotangulia.